Sambaza si Kosa

Imezuka tabia miongoni mwa baadhi ya walimu wenzetu: mwanafunzi wa Rusizi akiandika sambaza katika insha, neno hukatwa kwa wino mwekundu na juu yake huandikwa dagaa. Eti sambaza ni neno la mtaani. Sisi twaipinga hoja hiyo, na shahidi wetu ni samaki mwenyewe.

Dagaa si jina la spishi. Ni jina la kimo. Dagaa wa Ziwa Viktoria, Rastrineobola argentea kwa wataalamu, yu wa oda moja na ningu. Sambaza wa Kivu ni Limnothrissa miodon, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1906, naye yu katika oda ya sardini wa baharini. Kwa nasaba, basi, sambaza yu karibu zaidi na dagaa-papa wa pwani kuliko na dagaa wa Mwanza, ijapokuwa kikaangoni wote watatu huonekana ndugu. (Na huyo dagaa-papa hana hata tone la damu ya papa!) Neno papa nalo lamfunika hata yule mwenye mkia unaokaribia urefu wa mwili wake, Alopias, ambaye wataalamu wamemgawa spishi tatu. Lugha yetu hupanga samaki kwa jicho la mvuvi na mpishi, wala haikosei. Anayekosea ni mwalimu amwambiaye mtoto kwamba mpango huo ndio wa elimu ya viumbe.

Mto Rusizi huteremka kutoka Kivu hadi Tanganyika, lakini samaki huyu hakuupanda. Vifaranga vyake vililetwa na watu kutoka Tanganyika mnamo 1959, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijiumbe vinavyoelea katikati ya ziwa. Stolothrissa tanganicae aliyeletwa pamoja naye hakudumu, sambaza alidumu. Leo wavuvi humfuata usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, taa zikiwaka. Kwa Kinyarwanda ni isambaza. Ng'ambo ya mto, katika Kiswahili cha Bukavu, ni sambaza. Wazambia humwita kapenta, na hatujasikia mwalimu akiwakosoa.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Je, kiwe rasmi kwa kuwanyang'anya wenyeji jina la kitoweo chao? Twadai kamusi zetu zimwingize sambaza kwa jina lake, ngeli yake na spishi yake. Na alama zilizokatwa zirudishwe.