Mabomu ya Kweli, Karatasi za Uongo

Serikali iliyo vitani humficha adui yake mambo mengi, na hakuna anayeshangaa. Lakini serikali inapoghushi majalada yake yenyewe ili wawakilishi wa wananchi wasijue lililotendwa kwa jina lao, hapo imevuka mpaka mwingine. Ndivyo ilivyotokea Marekani ilipozituma ndege zake za mabomu aina ya B-52 juu ya Kambodia kuanzia mwaka 1969. Wanaopaswa kuitafakari habari hiyo kwanza ni wale ambao kazi yao ni kuandika, kutia sahihi na kuhifadhi taarifa za umma.

B-52 ilikuwa ndege ya injini nane, yenye askari sita ndani yake. Ile ya aina ya D, baada ya kufanyiwa marekebisho, iliweza kubeba mabomu 108, yenye uzito wa tani 27 hivi. Iliruka juu mno, hata mkulima aliyekuwa shambani aliweza asijue kwamba ipo mpaka ardhi ilipopasuka. Askari nao hawakumwona mkulima huyo. Mara nyingi kituo cha rada kilichokuwa ardhini ndicho kilichowaongoza na kuwaambia waachie mabomu wakati gani. Uhai wa watu ukategemea tarakimu zilizoandikwa karatasini.

Tarehe 18 Machi, 1969, ndege 60 zilipangiwa kutoka kisiwa cha Guam, na kwa maandishi zote zilikwenda kupiga Vietnam ya Kusini. Ndege 48 kati ya hizo zilipiga Kambodia, nchi iliyokuwa imetangaza kutofungamana na upande wowote. Ni kweli kwamba majeshi ya Vietnam ya Kaskazini yalikuwa na kambi ndani ya mpaka huo. Hata hivyo, Rais Nixon hakulieleza taifa lake. Wabunge wachache tu ndio walionong'onezwa. Kwa muda wa miezi 14 zilifanyika safari zaidi ya 3,600, na mabomu yaliyoangushwa yalizidi tani 100,000.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kiofisi kabisa. Meja Hal Knight, aliyesimamia kituo cha rada cha Bien Hoa, alipokea bahasha za siri zenye shabaha za Kambodia. Kazi ya usiku ilipokwisha, alikusanya karatasi zote za kweli, akazichoma moto alfajiri, kisha akaandika taarifa iliyosema kwamba mabomu yameanguka Vietnam. Alipouliza ni nani anayefichwa, mkubwa wake alimjibu kuwa huenda ni Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti. Wananchi wa Kambodia hawakuwa na haja ya kuelezwa; wao walikuwa wakizika.

La kuvunda halina ubani. Knight alimwandikia barua Seneta William Proxmire, na mwezi Julai 1973 akatoa ushahidi mbele ya Kamati ya Majeshi ya Seneti. Wakati huo mashambulio, ambayo sasa hayakuwa siri tena, yalikuwa bado yakiendelea. Tarehe 6 Agosti, 1973, kwa kosa la askari wa ndege, B-52 iliushambulia mji wa Neak Luong, uliokuwa mikononi mwa serikali iliyosaidiwa na Marekani yenyewe. Watu 137 walikufa na 268 wakajeruhiwa. Askari mmoja alitozwa faini ya dola 700. Siku tisa baadaye, kwa amri ya Bunge, mashambulio yalikoma.

Na walioamuru uongo ule? Mwezi Julai 1974 Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ililipigia kura shitaka la kumwondoa Nixon kwa kuificha vita ya Kambodia. Shitaka hilo lilikataliwa kwa kura 26 dhidi ya 12. Aliyekosea swichi alilipa; waliopanga majalada ya uongo hawakulipa.

Ni dhahiri basi kwamba unyofu wa mtumishi wa umma si pambo la kazi. Karatasi ya uongo ndiyo iliyoziwezesha ndege zile kurudi kila usiku bila kuulizwa. Mtumishi anayeambiwa aandike asichokiona, na mwalimu anayewafunza vijana maana ya utii, hawana budi kukumbuka kwamba amri hupita, mkubwa huondoka, na sahihi hubaki. Kambodia mabomu yasiyolipuka yangali ardhini hadi leo, na wakulima wangali wakiyakanyaga.