Bibo, Uraka na Gongo: Kipi Kimegeuka?

Ndugu zetu wanafunzi, msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, mabibo hujaa chini ya mikorosho. Somo zima la sayansi limo humo.

Bibo likikamuliwa hutoa maji matamu. Umbo limebadilika, lakini sukari ni ile ile. Hayo ni mabadiliko ya kiumbo. Maji hayo yakiachwa mtungini, hamira ya asili huila sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya ukaa. Ndiyo mapovu yale. Kimezaliwa kitu kipya, uraka, na sukari ile hairudi tena. Hayo ni mabadiliko ya kikemia.

Wapo wanaodai kwamba gongo imekwisha kusafishwa na moto. Sisi hatukubaliani nao. Uraka ukichemshwa, kileo hutangulia kuwa mvuke, kwani chenyewe huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi na maji kwenye 100. Mvuke ukipozwa huwa majimaji tena. Ni umbo tu. Kileo ni kile kile, tena kikali zaidi.

Ama ulevi ukigeuka siki wenyewe, wanavyuoni wameihalalisha siki hiyo, kwa sababu kileo kimekuwa kitu kingine.

Basi mkipewa kikombe, msiulize kimepita motoni mara ngapi. Ulizeni kilichomo kimegeuka nini. Nanyi wazazi, wakamulieni watoto mabibo mabivu, wanywe papo hapo.