Simu ikufundishe kukimbia, kisha inyamaze

Leo tuziache kando kidogo habari za seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu miguu. Msihofu, programu zitaingia humu humu.

Kuna teknolojia inayoitwa bayofidibaki, yaani mrejesho wa mwili. Kifaa hupima jambo ambalo mwili wako unalifanya bila wewe kulitambua, kisha hukuambia papo hapo kwa sauti, mtetemo au picha ili ulirekebishe. Kwa mkimbiaji, jambo hilo laweza kuwa kishindo cha mguu unapotua, au idadi ya hatua kwa dakika. Msimamo wangu ni huu: kifaa kizuri cha aina hii ni kile kinachokufundisha kisha kikanyamaza. Kile kinachotaka ukivae maisha yako yote hakikufundishi kitu, kinakukodishia mwendo wako mwenyewe.

Tuanzie Sigowet, hapa Kericho. Kwenye barabara za murram zinazopita kati ya mashamba ya chai na kuteremka kuelekea Soin, anayekimbia peku hahitaji kuambiwa na mtu kwamba ametua vibaya. Kokoto humwambia. Akigonga kisigino kwa nguvu anaumia, na hatua inayofuata anailegeza. Huo ni mrejesho wa mwili, tena usiohitaji betri. Kiatu chenye soli nene kinamkinga na kokoto, lakini pia kinapunguza ile habari iliyokuwa ikimfikia.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walipima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa, wakiwemo vijana Wakalenjin waliozoea kukimbia peku. Waliozoea peku mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele au ya kati ya wayo, na kishindo chao kikawa kidogo kuliko cha wanaotua kwa kisigino. Basi dunia nzima ikaanza kupiga kelele: tupeni viatu! Lakini mwaka 2013 utafiti mwingine miongoni mwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kwenda peku, ulikuta wengi wao wakitua kwa kisigino wanapokimbia kwa kasi yao ya kawaida. Funzo ni kwamba hakuna mtindo mmoja wa kila mtu. Pima mguu wako, usiige wa jirani.

Je, kupima kunasaidia? Mwaka 2011 Crowell na Davis walifundisha wakimbiaji 10 kupunguza kishindo kwa kuwaonyesha kwenye skrini kipimo cha kifaa kilichofungwa kwenye muundi. Vipindi vilikuwa 8 tu, na katika vile vya mwisho picha iliondolewa kidogo kidogo. Kishindo kilishuka kwa karibu nusu, na mwezi mmoja baadaye bado kilikuwa chini. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa Hong Kong uliofuatilia wakimbiaji wapya 320 kwa miezi 12. Kati ya waliopewa mafunzo ya namna hiyo kwa wiki 2, waliojeruhiwa walikuwa asilimia 16. Kati ya wasiopewa, asilimia 38.

Hata hivyo tusidanganyane. Mzigo hauyeyuki, unahama. Katika utafiti huo wa Hong Kong, waliofundishwa walipata zaidi maumivu ya kano ya kisigino na ya misuli ya shavu la mguu. Kwa hiyo badilisha polepole, na ukiwa tayari unaumwa, muone daktari kabla ya kufungua programu yoyote.

Sasa wenzangu waandishi wa programu. Simu nyingi za leo, hata za bei nafuu, zina akseleromita. Ukiifunga kiunoni itahesabu hatua vizuri, ingawa haiwezi kuchukua nafasi ya kifaa cha kwenye muundi. Hiyo inatosha kuanzia, kwa sababu imeonekana kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, hupunguza mzigo kwenye magoti na nyonga. Programu ipige mdundo wa haraka kidogo kuliko hatua zako za kawaida. Isiwe na picha, maana barabara ya Sigowet haikuruhusu kutazama skrini. Muhimu zaidi, iwe na ratiba ya kunyamaza: siku ya kwanza mdundo wote, baadaye dakika za kimya ziongezeke, mwishoni ihesabu tu bila kusema. Na si kwa wakimbiaji pekee. Mdundo kama huo umetumika kuwasaidia waliopata kiharusi kujifunza kutembea upya.

Wapo watakaosema: Kericho ilimtoa Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, na hakuwa na akseleromita. Ni kweli kabisa. Lakini sisi tunawahesabu walioshinda. Kijana aliyepasuka mfupa wa muundi akiwa na miaka 19, akarudi nyumbani kuchuma chai, hatumhesabu popote. Yeye ndiye ningependa programu hii imfikie mapema, bila kulipia kila mwezi, bila intaneti, na takwimu zake zikibaki ndani ya simu yake.

Mwenye ujuzi na ajaribu kuiandika. Na siku mkimbiaji atakapoifuta kwa sababu haihitaji tena, ajue kazi yake imefaulu.