Ukihama Keja Huchomi Viti

Wasee, leo nitaudhi watu: kufomati si kutengeneza. Mara nyingi ni uvivu wa kutafuta shida iko wapi.

Wikendi iliyopita nilihamisha seva yangu ya nyumbani. Ilikuwa ndani ya dekstopu kuukuu, RAM 4GB, feni inalia kama kinu cha posho. Nikapata mashine ya mtumba, Core i5, RAM 16GB. Kila niliyemuuliza alisema, "Weka OS mpya, anza upya."

Nianze upya kwani nimekosa nini? Kwa hiyo diski kuna picha za familia na sauti ya shosh akitupigia hadithi kabla hajatuacha. Kuna pia mipangilio niliyoweka saa nane usiku na sikuandika popote. Halafu bando la kupakua kila kitu tena utaninunulia wewe?

Hii tabia tulirithi enzi za Windows XP. Ukibadilisha bodi kuu, skrini ya buluu inakusalimia. Windows 10 na 11 mara nyingi huwaka tu, ingawa leseni inaweza kugoma. Linux nayo hubeba draiva nyingi pamoja na kerneli. Kila ikiwaka, inaangalia vifaa vilivyopo na kupakia zinazofaa.

Kwanza nikatoa nakala kwa diski ya nje, na nikafungua faili kadhaa kuhakikisha zinasoma. Hapo hakuna mjadala. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Kisha nikachomoa diski, nikaichomeka kwa mashine mpya, nikawasha. Debian ikawaka kama haijahama.

Lakini mtandao, zii! Kadi ya mtandao ilikuwa inaitwa enp3s0, sasa inaitwa eno1, na mipangilio yangu ilikuwa inatafuta jina la zamani. Nikachomeka skrini na kibodi, nikaandika ip a, nikaona jina jipya, nikalibadilisha kwa /etc/network/interfaces. Ruta pia ilikuwa imewekea kadi ya zamani anwani yake, nikarekebisha. Saa moja haikuisha. Fikiria ningefomati kwa sababu ya neno moja kwa faili moja!

Sidanganyi mtu, kuna mahali hii njia inagonga ukuta. Ukitoka Raspberry Pi kwenda Intel, prosesa haziongei lugha moja, kwa hivyo hamisha data pekee. Kama OS iliwekwa kwa mtindo wa BIOS ya zamani na mashine mpya inakubali UEFI peke yake, haitawaka hadi urekebishe vile inavyoanza. Na kama seva imedukuliwa, hapo fomati bila huruma.

Wengine watasema OS mpya ni safi. Sawa, lakini usafi gani huo wa kutupa kitu kinachofanya kazi? Ukifomati kila kitu kikikwama, miaka 5 baadaye bado hujui seva yako inafanyaje kazi.

Jumapili jioni mathe alifungua simu, akasikiliza shosh kama kawaida. Hakujua kuna kitu kilihama, na hiyo ndiyo kazi safi.

Wewe je, ni timu kufomati ama timu kuhamisha? Na nakala yako, uliifungua lini mara ya mwisho?