Kabla hujapanda mkoko, uliza mchu ulikuwa wapi

Umealikwa Jumamosi kupanda mikoko kule Mikindani, Mombasa. Fulana ya bure, matope hadi magotini, picha za Instagram. Nenda tu. Lakini kabla ya kuchomeka mche wako, uliza: hapa pamekuwa pa mti gani?

Wengi wetu huita kila kitu mkoko. Kumbe Pwani yetu ina aina tisa. Chukua mchu. Lamba jani lake utaonja chumvi, kwa sababu hunyonya maji ya bahari kisha hutoa chumvi kupitia majani. Ndiyo maana unaweza kuukuta mbele kwenye ukingo wa bahari, karibu na mlilana, na tena nyuma kabisa, ambako maji hufika wakati wa bamvua pekee na jua hukausha tope likabaki jeupe kwa chumvi. Huko nyuma hudumaa ukawa kichaka tu.

Sasa angalia kinachopandwa: mara nyingi ni mkoko wenyewe. Si ajabu. Tunda lake ni refu, unalidunga kwenye tope, kazi imeisha. Mbegu ya mchu ni ndogo na inataka kitalu. Na serikali ikishasema miti bilioni 15 kufikia 2032, kila mtu anahesabu iliyopandwa. Nani hurudi mwaka ujao kuhesabu iliyopona?

Hapo ndipo pesa inapoingia. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni tangu 2013, na faida ikaenda kwa maji na shule. Vanga wakafuata. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama, kwa miradi ya ardhini. Lakini hakuna anayelipia mche uliokauka.

Halafu kuna zile nyanda nyeupe zenye vichaka vya mchu. Ukipita unaona kiwanja kitupu, mwingine anaona mahali pa kumwaga taka au kuchimba mabwawa ya chumvi. Njia ya maji ikizibwa hapo, mbegu zinazoelea hazifiki. Ikizibuliwa, mara nyingi mchu hurudi wenyewe bila mtu kupanda.

Kwa hivyo Jumamosi hiyo beba koleo pia. Huenda kazi iliyopo ni kuzibua mfereji, hata kama haitoki poa kwenye picha.