Ofisi ya Fedha na Mwanafunzi Asiye na Kadi ya Mtihani

Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya wanaoacha masomo ilhali hawajaanguka somo hata moja. Huyaachia dirishani pa mhasibu, mwishoni mwa muhula, wanapoelezwa kuwa pasipo kumaliza karo hapana kadi ya mtihani.

Ikumbukwe kwamba karo ya wengi haitoki mfuko mmoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, hupeleka fedha za karo moja kwa moja chuoni na zile za kujikimu kwa mwanafunzi. Basari, kwa anayebahatika, huja kwa hundi na kwa wakati wake. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka wa 2023 nao uliigawa gharama baina ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia. Mifuko hii haifunguki siku moja, na ratiba ya mitihani haimngoji yeyote. Hivyo basi, anayebandikwa ubaoni kama mdaiwa sugu (neno ‘sugu’ hapa limetumiwa kwa pupa) huenda ni mtu ambaye fedha zake zi njiani.

Haikanushiki kwamba vyuo navyo vina madeni, na mhadhiri hali ahadi. Wapo pia wanaoitia karo ya wazazi katika kamari. Lakini kuwatia wote kapu moja ni uvivu. Daftari la chuo huonyesha tangu juma la nne ni nani hajalipa hata shilingi. Mbona asubiriwe hadi mlangoni pa mtihani? Akiitwa mapema, mbele ya mhasibu na Mkuu wa Wanafunzi, atabainika aliyefiwa na mlezi, aliyekosea fomu ya mkopo, na huyo wa kamari pia. Wa kwanza afanyiwe mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Wa pili apewe barua yenye salio lake na nambari ya usajili siku iyo hiyo, si baada ya majuma mawili ya ‘njoo kesho’. Wa tatu aitiwe mzazi.

Kumfungia mlango hakukiletei chuo senti. Aliyekosa mtihani hungoja kozi ifundishwe tena, pengine mwaka mzima, na akikata tamaa akabaki kwao, deni lake husalia daftarini bila wa kulilipa.