Mti Usiolalamikiwa

Zambarau zikiiva mjini, ugomvi wa majirani huiva nazo. Mzambarau umesimama ua huu, matawi yameinamia ua wa pili. Matunda yanaanguka usiku kucha, yanakanyagwa kwenye vigae, yanaacha madoa ya wino juu ya gari jeupe. Popo wanaokuja kula wanaondoka wamechora ukuta uliopakwa rangi juzi. Jirani anataka mti ukatwe. Mwenye mti anajibu kwamba watoto wa mtaa mzima wanakula hapo, tena bure, na kivuli cha miaka 30 hakinunuliwi dukani. Mwenyekiti wa mtaa anaitwa kuamua.

Shauri la namna hiyo halina ugumu wa ushahidi, maana ushahidi wote uko sakafuni. Ila mwenyekiti akizunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo, huenda akakuta mlusina ambao hakuna aliyeupanda. Majani yake ni madogo mno kumkera mfagiaji. Maua ni vidonge vyeupe. Maganda ya kahawia yananing'inia kwa vishada, kila moja na mbegu zipatazo 20, na chini yake miche imeota kama tuta la mchicha. Mti huo hauchafui gari la mtu, basi hauna kesi. Lakini ni huohuo mlusina, Leucaena leucocephala kwa jina la kitaalamu, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, ambao shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani.

Hapo ndipo mizani yetu ya miti ya nyumbani ilipopinda. Mti tunauhukumu kwa kinachoanguka upande wetu wa ukuta. Mbegu zinazobebwa na ndege, mbuzi na maji ya mvua hadi msituni hazina mlalamikaji, kwa kuwa msitu hauendi kwa mwenyekiti.

Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, hasara ya mizani hiyo inaonekana. Kabla eneo hilo halijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, kulikuwa na makazi ya watu, na karibu na makazi hayo ukapandwa Senna spectabilis, ndugu wa mjohoro kutoka Amerika ya kitropiki, mwenye maua ya manjano yanayomsimamisha mpita njia. Watu waliondoka, mti ukabaki, kisha ukaenea katika makazi ya sokwe. Kuuondoa kumehitaji watu wa kubandua gome kuzunguka shina, mti mmoja baada ya mwingine. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walioanzisha bustani ya mimea mwaka 1902 walileta miti mingi ya majaribio. Mmojawapo, Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ulipata msafirishaji asiyelipwa: hondohondo, anayemeza tunda na kwenda kuidondosha mbegu mbali.

Wanaodhani haya ni mambo ya nchi zisizo na wataalamu waitazame Marekani. Huko mti wa jamii ya mpea uitwao Bradford ulisambazwa na Wizara ya Kilimo yenyewe miaka ya 1960, ukasifiwa kwa umbo la duara na maua meupe. Ilidhaniwa hautazaa. Aina nyingine za mpea huohuo zilipopandwa jirani, zikachavushana nao, ndege wakala matunda, na vichaka vyenye miiba vikajaa kando ya barabara. Jimbo la Ohio limepiga marufuku kuuza jamii hiyo tangu Januari 2023. Ulikuwa mti nadhifu kuliko wote kwenye kitalu.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi, na kwa busara kiasi. Tangu mwaka 2014 kanuni zake zinamtaka anayeuza kiwanja au nyumba amwarifu mnunuzi kwa maandishi kama kuna mimea iliyoorodheshwa kuwa vamizi. Mjakaranda umo kwenye orodha hiyo katika majimbo kadhaa, lakini mijini umeachwa. Pretoria, mji unaojulikana kwa mijakaranda yake, haikuguswa. Wakali wa sheria wataona hapo upendeleo. Lakini mti ulioota bondeni na mti wa barabarani unaofagiliwa kila siku haina madhara sawa, na sheria inayoliona hilo ina nafasi ya kutiiwa.

Kwetu, kuanza na shoka majumbani kungekuwa uonevu. Mlusina ni lishe ya mbuzi na kuni za mama asiyemudu gesi, na zamani watu walihimizwa waupande kama mti wa maajabu. Mwarobaini nao ni mgeni kutoka Asia, umevamia hata Hifadhi ya Saadani, lakini nani atathubutu kumwambia bibi aung'oe? Pa kuanzia ni kwenye vitalu na kampeni. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na katika lengo la namna hiyo mlusina unahesabika mmoja sawasawa na mkwaju. Halmashauri inayogawa miche bure siku ya kupanda miti ndiyo ingetakiwa kuonyesha kwanza orodha ya inachogawa, na mlusina usiwemo. Mkwaju uwemo, pamoja na mtondoo wa pwani, hata kama nayo itamwagia mtu takataka uani.

Kwa aliyekwisha kuwa na mlusina, panga moja halitoshi. Kisiki chake huchipua, na mbegu zilizolala ardhini zinaweza kuota miaka mingi baadaye. Miche ing'olewe kila baada ya mvua, ingali myepesi kwa mkono. Mzambarau unahitaji tu kupunguzwa matawi ya upande wa jirani, na gari kuegeshwa kwingine kwa wiki chache.